Mstari unaoiga sakafu ya bahari: ni hidrati au ni gesi?

Swali la msomaji: "Mimi ni mhitimu wa jiolojia, niko mafunzoni katika ofisi moja hapa Nairobi. Nimepewa michoro ya mitetemo ya bahari ya kina, na chini ya sakafu ya bahari naona mstari mkali unaopanda na kushuka pamoja na sakafu hiyo huku ukikata matabaka ya mashapo. Mwenzangu mmoja anasema hiyo ndiyo hidrati ya methani. Mwingine anasema ni gesi. Msimamizi wangu anataka nikadirie kiasi kilichopo. Nianzie wapi?"

Dada, mwenzako wa pili ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa naye hajashika jambo lote. Mstari huo, ambao makala za kitaalamu huuita BSR (Bottom Simulating Reflector, yaani kiakisi kinachoiga sakafu), ni mpaka. Juu yake hidrati inaweza kukaa, chini yake haiwezi. Na kinachoufanya ung'ae kwenye skrini yako mara nyingi ni gesi huru, pengine kidogo sana, iliyonasa chini ya mpaka huo. Nakujibu kwa urefu kwa sababu kuusoma mstari huo kana kwamba wenyewe ni tabaka la hidrati ndiko kunakozaa makadirio makubwa yasiyo na msingi, na makadirio kama hayo yakishaingia kwenye ripoti ya ofisi ni kazi kuyang'oa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Hidrati ya methani hufanana na barafu, ila molekuli zake za maji zimejipanga kuwa vizimba, na ndani ya vizimba hivyo zimefungiwa molekuli za methani. Mita moja ya ujazo ya hidrati ikiyeyuka huachia takriban mita za ujazo 164 za gesi katika shinikizo la kawaida la hewa. Ili idumu inahitaji baridi na shinikizo kwa pamoja, pamoja na methani ya kutosha kuzidi ile inayoweza kuyeyuka majini. Kwenye bahari za baridi kina cha mita 300 hivi kinaweza kutosha. Kwenye maji ya tropiki kama yetu unahitaji zaidi ya mita 500.

Ukishuka chini ya sakafu ya bahari, shinikizo linaongezeka na kuisaidia hidrati, lakini joto nalo linaongezeka, na joto ndilo linaloshinda. Wengi wetu hapa Nairobi tumefunzwa jiofizikia kwa mifano ya Olkaria, ambako joto ndilo mali inayotafutwa. Huku baharini joto ni adui wa unachokitafuta, ila hesabu ya kupanda kwa joto kadiri ya kina ni ileile unayoijua. Kwa kuwa joto chini ya bahari hupanda kwa takriban kiasi kilekile kuanzia sakafuni, kina ambacho hidrati inashindwa kuendelea nacho huifuata sakafu. Matabaka ya mashapo hayajui habari hizo, yameinama yanavyotaka, na ndiyo maana mstari wako unayakata.

Fanya hesabu hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Chukua mahali penye mita 1,500 za maji, sakafu ikiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, na joto likipanda nyuzi 40 kwa kila kilomita. Kina cha mita 325 chini ya sakafu kinakupa nyuzi 17, na shinikizo la safu ya maji ya mita 1,825, yaani megapaskali 18 na ushee. Kwa methani ndani ya maji ya chumvi ya bahari, hapo ndipo hidrati inapofikia ukingo wake. Sasa geuza kina kiwe muda: mashapo yenye kasi ya mita 1,700 kwa sekunde yatarudisha mwangwi wa kwenda na kurudi sekunde 0.38 baada ya ule wa sakafu. Joto likipanda nyuzi 30 tu kwa kilomita, mpaka huo utashuka hadi karibu mita 440. Mstari wako ukiwa sekunde 0.35 au 0.5 chini ya sakafu, mko pamoja. Ukiwa sekunde 1.2, hesabu inakukatalia, na hupaswi kuilazimisha ikubali.

Lipo pia jaribio rahisi ambalo watu hulisahau. Fuata mstari kuelekea kwenye maji ya kina zaidi. Shinikizo la ziada huiruhusu hidrati kushuka zaidi, kwa hiyo nafasi kati ya sakafu na mstari inatakiwa iongezeke polepole kadiri bahari inavyozidi kina. Nasisitiza hili kwa sababu kuna wadanganyifu watatu, na jaribio hili linawaumbua wawili.

Wa kwanza ni kiputo cha bunduki ya hewa, chombo kinachotoa sauti ya kupimia baharini. Bunduki hiyo ikishafyatua, kiputo chake hupanuka na kusinyaa na kupiga mshindo wa pili. Usipoondolewa vizuri wakati wa kuchakata data, mshindo huo huchora nakala ya sakafu kwa umbali uleule kila mahali, awe mtu kwenye maji ya mita 800 au 2,500. Wa pili ni mwangwi wa kurudia: sauti inayogonga sakafu, ikapanda hadi usoni pa bahari, ikarudi tena chini. Huyu ni hatari kwa sababu wimbi lake limepinduka, kama lilivyopinduka la BSR nitakavyokueleza hapa chini: uso wa bahari umempindua. Muda ndio unaomtaja. Kwenye mita 1,500 za maji sakafu inaonekana kwenye sekunde 2, mrudio kwenye sekunde 4, na miteremko yake ina ukali maradufu. BSR ya mahali hapo ingekuwa kwenye sekunde 2.4 hivi. Wa tatu hana uhusiano na mashine. Ni mashapo yenye mabaki ya viumbe vidogo vya silika ambayo, yakifikia joto fulani, hubadilisha muundo na kuwa magumu zaidi. Nayo hufuata sakafu na kukata matabaka, kwa sababu nayo yanaongozwa na joto. Lakini hapo mwamba unakuwa mgumu kwenda chini, si laini, kwa hiyo wimbi lake lina upande uleule wa sakafu, na kwa kawaida hukaa chini zaidi ya ukingo wa hidrati.

Sasa kaa mbele ya skrini, ukuze mchoro mpaka uone wimbi moja moja. Chagua mahali ambapo sakafu ni laini na tulivu. Kama data yako imepangwa kwa desturi ya kuonyesha ugumu unaoongezeka kama kilele, mwangwi wa sakafu utakuwa na kilele kikubwa katikati, na mabonde madogo pembeni. Shuka kwenye mstari wako: BSR ya kweli ni picha hiyo hiyo iliyopinduliwa, bonde kubwa katikati na vilele vidogo pembeni. Usiangalie rangi tu, maana rangi hupangwa na aliyefungua programu kabla yako. Linganisha umbo kwa umbo. Kama huwezi kuona kilele cha sakafu waziwazi, hujui bado upande wa data yako, na hupaswi kusema lolote kuhusu upande wa mstari.

Bonde hilo lina maana gani? Kwamba ukivuka mpaka kwenda chini, zao la kasi na uzito wa mashapo linashuka ghafla. Ngoja nikuonyeshe kwa tarakimu za mfano, ili uone lawama iko wapi. Maji ya bahari yana kasi ya mita 1,500 kwa sekunde, na tope la sakafuni tuseme 1,600 na uzito mara moja na nusu ya maji. Mgawo wa mwangwi, yaani sehemu ya wimbi inayorudishwa, hapo ni karibu 0.2; alama ya kutoa mbele yake ingemaanisha wimbi limepinduka. Chini zaidi, tuseme tope lenye maji matupu lina kasi ya 1,750. Tia hidrati juu ya mpaka, kasi ifike 1,850, na chini acha maji matupu: mgawo ni takriban −0.03, mstari hafifu ambao ungepotea kwenye kelele. Sasa ondoa hidrati kabisa, tia gesi kidogo chini, kasi ishuke hadi 1,550: mgawo unakaribia −0.06. Vyote viwili pamoja vinakupa −0.1 hivi, karibu nusu ya nguvu ya sakafu yenyewe. Sehemu kubwa ya mng'ao huo imetoka kwa gesi.

Gesi ina nguvu isiyolingana na wingi wake. Koroga kakao kwenye kikombe cha maji moto, kisha gonga kitako cha kikombe kwa kijiko: mlio huanza chini, na kadiri viputo vinavyotoweka ndivyo unavyopanda. Maji ni yaleyale na kikombe ni kilekile. Viputo vichache vimepunguza kasi ya sauti ndani yake, kwa sababu vinabonyea kirahisi. Ndani ya vitundu vya mashapo mambo huenda vivyo hivyo. Asilimia 1 au 2 ya gesi inatosha kuangusha kasi kwa kiwango kikubwa, na baada ya hapo ukiongeza hadi 10 au 20 mabadiliko ni madogo. Kwa hiyo mstari mkali unakuambia gesi ipo. Haukuambii ni nyingi.

Historia ya kazi hii inathibitisha hivyo. Mstari wa aina yako ulijulikana tangu zamani kwenye Blake Ridge, mgongo wa chini ya bahari mashariki ya Marekani, na meli Glomar Challenger ilichimba huko mwaka 1970. Jibu lenye uzito lilikuja mwaka 1995, pale meli JOIDES Resolution ilipochimba visima vitatu kwenye mgongo huo. Vipimo vya mitetemo vilivyofanywa visimani vilionyesha kasi ikianguka chini ya mpaka, dalili ya gesi huru. Lakini fundisho kubwa kwangu ni kisima nambari 994. Pale hapakuwa na BSR ya kuonekana, na hidrati ikapatikana. Majirani zake 995 na 997 walikuwa na BSR, na hidrati yao haikutofautiana na ya 994 kama mtu ambavyo angetarajia. Kukosekana kwa mstari si ushahidi wa kukosekana kwa hidrati, na kuwepo kwake si kipimo cha hidrati.

Basi hidrati yenyewe utaitafutaje? Juu ya mstari, kwenye kasi. Hidrati safi hupitisha mawimbi ya mgandamizo, yaani yale ya sauti ya kawaida, kwa zaidi ya mita 3,600 kwa sekunde, mara mbili ya tope linaloizunguka. Ikijaa kwenye vitundu vya mchanga hadi asilimia 60 au 80, inakuwa sehemu ya kiunzi cha mwamba, na kasi hupanda juu ya 2,500. Mahali kama hapo hukuhitaji kubahatisha: utaona mwangwi mkali wenye kilele, kama wa sakafu, ndani ya eneo ambalo hesabu yako inasema hidrati inaweza kuishi.

Nakuomba sana uutafute mfano wa Walker Ridge 313 katika Ghuba ya Mexico, uliochimbwa mwaka 2009, kwa sababu ni somo safi kuliko yote ninayoyajua. Tabaka moja la mchanga linateremka na kuvuka ukingo wa hidrati. Juu ya ukingo mwangwi wake ni kilele, kwa kuwa mchanga umejaa hidrati ngumu. Chini ya ukingo mwangwi wa tabaka lilelile unageuka bonde, kwa kuwa sasa lina gesi. Hapakuwa na mstari mmoja unaoendelea kama wako. Ukiunganisha sehemu ambazo mchanga mmoja baada ya mwingine unageuka, ndipo ukingo unapojitokeza. Wachimbaji walielekeza kisima kwenye michanga hiyo na wakakuta hidrati ya ujazo mkubwa. Kwa hiyo kabla ya kusifu mstari wako, pitia kila tabaka linaloukata uone kama lolote linageuka upande. Hata moja likigeuka, umepata kitu cha thamani kuliko kilomita nyingi za mstari unaong'aa.

Wajapani kwenye Nankai, baharini karibu na Japani, walifikia njia inayofanana: walitafuta BSR, lakini pia mwangwi mkali juu yake, kasi iliyopanda, na ishara za michanga iliyoletwa na mikondo ya tope la baharini. Vitu hivyo vyote vikikutana ndipo walipochora eneo lenye hidrati nyingi. Mwaka 2013 walitoa gesi baharini kwa siku sita hivi, kazi ikasimama baada ya mchanga kuingia kisimani, lakini sehemu ya kuchimba walikuwa wameichagua sawasawa.

Kwenye tope ni shida zaidi, na nahofia eneo lako huenda ni tope. Huko hidrati mara nyingi ni asilimia chache tu ya nafasi za vitundu, au imejaza nyufa zilizosimama wima, kama ilivyokutwa na Wahindi kwenye bonde la Krishna-Godavari mwaka 2006. Mawimbi yanayopita sambamba na nyufa na yale yanayozikata hayana kasi moja, kwa hiyo hesabu inayodhani hidrati imesambaa sawasawa itakudanganya. Utasikia pia watu wakisema eneo lililofifia juu ya BSR ni hidrati iliyofuta tofauti za matabaka. Wakati mwingine ni kweli. Lakini tope la aina moja, lisilo na matabaka tangu lilipotua, nalo hufifia, kwa hiyo usilitegemee peke yake.

Ushahidi bora zaidi hutoka kwa mawimbi ya mkato, yale yanayotikisa mwamba kwa upande badala ya kuubana, na hayo hayasafiri majini. Kebo ya haidrofoni (vinasa sauti vya majini) inayovutwa na meli haiwezi kuyapokea moja kwa moja. Unahitaji vipimamitetemo vilivyoshushwa mpaka sakafuni, ambavyo hupokea mawimbi yaliyoshuka kama ya mgandamizo na kugeuka ya mkato yaliporudi. Uzuri wake ni huu: gesi haiathiri ugumu wa mwamba dhidi ya mkato, kwa hiyo kasi ya mkato haiijali sana. Hidrati iliyoshika kiunzi cha mwamba inaipandisha. Kasi ya mgandamizo ikishuka huku ya mkato ikibaki ilivyo, ni gesi. Zote mbili zikipanda, ni hidrati au ni tope lililokazana, na hapo unarudi kwenye jiolojia ya eneo lenyewe. Vipimo vya umeme wa baharini vinasaidia pia, ila kumbuka kwamba gesi na hidrati zote huzuia umeme. Ni kasi ndiyo inayozitenganisha.

Nirudi kwa msimamizi wako na kiasi anachokitaka. Tuseme una kilomita za mraba 100, tabaka la mita 100, vitundu nusu ya ujazo, na hidrati asilimia 5 ya vitundu. Hiyo ni mita za ujazo milioni 250 za hidrati, ambazo zikiyeyuka ni takriban bilioni 41 za gesi. Ikiwa hidrati ni asilimia 2, gesi inashuka hadi bilioni 16. Ikiwa ni 10, inapanda hadi bilioni 82. Na tofauti kati ya asilimia 2 na 10 kwenye tope inaweza kuwa ni kasi ya makumi ya mita kwa sekunde, kiasi kilekile unachoweza kukosea kwa kuchagua vibaya kasi ya tope lisilo na hidrati. Tope hilo la kulinganishia ndilo roho ya hesabu nzima. Litafute nje ya eneo la BSR, kwenye kina kilekile na mashapo ya aina ileile, na uandike kwenye ripoti ulilichukua wapi. Kisha toa kiwango cha chini na cha juu. Akikushinikiza utoe tarakimu moja, mpe ya chini, na umweleze kwa nini.

Jambo la pili la kumweleza ni kwamba hii si habari moja na gesi ya kawaida. Kisima cha Mbawa-1 kwenye pwani ya Kenya kilikuta gesi mwaka 2012, lakini hiyo ilikuwa gesi iliyonaswa kwenye mwamba wa chini sana, mbali na ukingo wa hidrati. Watu ofisini huchanganya mambo haya mawili kwa sababu yote yana methani na yote yako baharini. Kama ripoti yako itasomwa na wasio wanajiofizikia, tenganisha mapema, ukurasa wa kwanza.

Na kabla hujaandika chochote, omba data kabla ya kujumlishwa. Mchoro uliopewa ni wastani wa mawimbi yaliyopokelewa kwa umbali mbalimbali kutoka kwenye chanzo, na wastani huo umefuta ushahidi mwingi. Kwenye data ghafi unaweza kufuata nguvu ya bonde la BSR kadiri umbali kati ya bunduki na kipokezi unavyoongezeka: penye gesi chini, kwa kawaida bonde huzidi kuwa kubwa kwa umbali. Unaweza pia kupima kasi mwenyewe badala ya kuamini jedwali la aliyechakata, ambaye huenda alikuwa akitafuta mafuta kilomita 3 chini ya sakafu na hakuyajali hata kidogo mashapo ya juu. Anza na sehemu moja tulivu, ambapo sakafu iko bapa na mstari uko wazi. Pima kasi juu ya mstari, pima chini yake, halafu niandikie tarakimu hizo mbili pamoja na kina cha maji.